Picha tano, mwanga mmoja: ISO otomatiki inavyoiharibu breketi

Ombi la mwenye nyumba ya wageni lilikuwa fupi: "Nataka kitanda kionekane na bahari ionekane." Tulikuwa Paje, ufukwe wa mashariki ya Unguja, saa tatu asubuhi, chumba kinatazama mashariki, na mchanga wa kule ni mweupe, unarudisha jua kama bati jipya. Ndani kuna kitanda cha samadari, chandarua kimefungwa fundo, na ukuta wa nyuma ambao haujaguswa na jua tangu ujengwe. Nikipima mwanga wa kitanda, dirisha linaungua na kuwa karatasi nyeupe. Nikipima wa bahari, kitanda kinazama gizani.

Dawa yake inajulikana na kila anayepiga picha za majumba. Unapiga picha kadhaa za kitu kilekile bila kuhama, kuanzia yenye giza hadi yenye mwanga wa kupita kiasi. Kisha kompyuta inachukua dirisha kutoka ile ya giza na kitanda kutoka ile ya mwanga, inaviunganisha. Hiyo ndiyo breketi. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikapiga tano, nikala pweza wangu, nikarudi mjini.

Usiku nilipofungua kazi, mchanga nje ya dirisha ulikuwa umeungua, na chini ya kitanda kumejaa chenga kama televisheni iliyopoteza stesheni. Breketi ilikuwa imeshindwa pande zote mbili, juani na kivulini. Nikafungua taarifa za kila picha. Shata, yaani muda wa kukusanya mwanga: 1/125, 1/125, 1/125, 1/125, 1/125. Tundu la lenzi f/8 kwa zote. Kilichobadilika ni ISO peke yake, namba inayopandisha ung'avu wa picha: 100, 100, 400, 1600, 6400. Mbili za mwanzo zilikuwa mapacha kabisa, huwezi kuzitofautisha.

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa harusini. Kule niliweka kamera kwenye M, ambapo shata na tundu unachagua mwenyewe, shata 1/125, na ISO nikaiachia kamera iamue yenyewe, maana taa za ukumbini hubadilika kila dakika. Asubuhi nikakumbuka kubadilisha tundu. ISO nikaisahau.

Tangu hapo, kila nikikaa na vijana wanaopiga picha za vyumba vya kupangisha, na siku hizi ni wengi kwa kuwa kila mwenye chumba anataka kukiweka mtandaoni, nasikia kisa changu kikirudi kwa sura nyingine. "Breketi yangu haisaidii kitu." "Nimepiga tano, mbili zinatoka sawasawa." "Kaka, kwani breketi na ISO otomatiki zinagombana?" Hazigombani. Zinaelewana mno, na ndipo balaa linapoanza.

Kukinga mwanga na kuongeza maji kwenye mchuzi

Kamera ina njia mbili tu za kukusanya mwanga, na ni zilezile za mtu anayekinga maji ya mvua kwenye michirizi. Anaweza kuweka beseni badala ya kopo, yaani chombo chenye mdomo mpana zaidi. Au anaweza kukiacha chombo nje kwa muda mrefu zaidi. Upana wa mdomo ndio tundu la lenzi, lile linaloandikwa f/4, f/8, f/16. Namba ikikua tundu linasinyaa, kwa kuwa inaandikwa kama sehemu, na robo ya mkate ni kubwa kuliko thumni yake. Muda ndio shata: 1/125 ni sekunde moja iliyogawanywa vipande 125, ukachukua kimoja.

ISO haimo humo. Neno lenyewe ni jina la Shirika la Kimataifa la Viwango, lililoanza kazi mwaka 1947, na kwa wapiga picha lilishika nafasi ya vipimo viwili vya zamani vya filamu, ASA ya Marekani na DIN ya Ujerumani. Enzi za filamu ISO ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ukitaka ISO 400 unanunua filamu ya 400, na chembe zake kweli zinadaka mwanga upesi kuliko za filamu ya 100. Kamera za dijitali zilipokuja, jina na namba vikahamia huko, na kiwango chake, ISO 12232, kikatoka mara ya kwanza mwaka 1998. Lakini ndani ya kamera ya dijitali hakuna filamu ya kubadilisha. Kuna sensa moja, ya kamera na si ile ya watu na makazi, nayo inadaka mwanga kwa uwezo uleule tangu siku unainunua. Ukipandisha ISO, sensa haiamki. Kinachofanyika ni kwamba kile ilichokwisha kudaka kinakuzwa.

Chukua mchuzi. Umepika kwa ajili ya watu wanne, wakaja wanane. Huna nyama nyingine, basi unaongeza maji sufuriani. Sufuria inajaa, kila sahani inapata mchuzi, na kwa mbali meza inapendeza. Ila nyama ni ileile, sasa imegawanyika, na anayeonja anajua. Mwanga ni nyama. ISO ni maji. ISO 6400 ni sufuria iliyojaa hadi ukingoni kwa vipande vya nyama unavyoweza kuvihesabu.

Zile chenga nazo zinatoka wapi? Watu wengi husema zinaletwa na ISO. Tazama sakafu ya baraza mvua inapoanza. Matone ya kwanza yanaanguka ovyo: hapa matatu, pale hakuna, kule mawili yamepandana, na sakafu inakuwa na madoadoa. Ikinyesha robo saa, sakafu yote inalowa sawa na huoni doa. Mwanga nao huanguka kwa matone. Sehemu iliyopata matone machache hutoka na madoadoa, na ISO ikija kuyakuza, madoadoa yanakua pamoja na picha. Kwa hiyo chenga ni dalili ya njaa ya mwanga, na ISO ya juu ni shahidi aliyekutwa mahali pa tukio. Ukitaka kuthibitisha, piga kitu kilekile kwa shata na tundu lilelile mara mbili, moja kwa ISO 1600 na nyingine kwa ISO 100, kisha ile ya 100 iongezee mwanga kwenye kompyuta hadi zilingane. Chenga hazitapungua kwa ile ya 100. Katika kamera za zamani zitakuwa mbaya zaidi.

Neno la mwisho la kulishika ni stopu. Stopu moja ni kuzidisha au kugawanya kwa mbili. Kutoka 1/125 hadi 1/60 ni stopu moja ya mwanga zaidi, na kutoka ISO 400 hadi 800 ni stopu moja vilevile. Hapa ndipo wengi tunapopotelea, kwa sababu kamera inahesabu stopu ya shata na stopu ya ISO kama shilingi mbili zinazofanana. Kwenye ung'avu wa picha, ndiyo, zinafanana. Kwenye mwanga uliokingwa, moja ni fedha na nyingine ni ahadi.

Breketi mbili zenye jina moja

Wazo la kuunganisha picha ni la zamani kuliko kamera za umeme. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari kwa kemikali zilizokuwa na pupa ya rangi ya samawati, kiasi kwamba anga liliungua kabla mawimbi hayajaanza kuonekana. Akapiga bamba moja la anga na jingine la bahari, akazichapa pamoja kwenye karatasi moja. Tatizo lake lilikuwa tatizo langu la Paje, bila ya chandarua.

Baadaye, waliotumia filamu za slaidi walipiga breketi kwa sababu nyingine. Slaidi haikusamehe, ukikosea nusu stopu picha imekwenda. Basi unapiga tatu, moja kwa kipimo cha mita, yaani kipima mwanga cha kamera, moja chini kidogo, moja juu kidogo, na zikishaoshwa unachagua iliyotoka vizuri. Nyingine unazitupa.

Kamera ya leo inaziita zote mbili breketi na kuziweka kwenye menyu moja, ingawa kazi zake ni tofauti kama kununua nguo tatu ili uchague moja na kununua vitambaa vitatu ili ushone nguo moja. Nikipiga breketi ya kuchagua nahitaji picha moja tu iwe na ung'avu mzuri. Nikipiga breketi ya kuunganisha nahitaji kila picha ilete kitu ambacho wenzake hawana: ya giza ilete undani wa mchanga, ya mwanga ilete undani wa kivuli. Ikija na kitu kilichokwisha kuletwa na jirani yake, imekula nafasi bure.

Sasa mlete mhusika wa tatu. ISO otomatiki ina amri moja: picha isitoke na giza, na mkono usitikisike. Unaiwekea dari, tuseme 6400, isipite hapo. Kwenye A, ile inayoandikwa Av katika kamera za Canon, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata, unaiwekea pia shata ya chini kabisa, tuseme 1/125. Kazi yake inakuwa hii: shata ikitaka kushuka chini ya 1/125, izuie, na pengo lijazwe kwa kupandisha ISO. Harusini ni mfanyakazi wa dhahabu. Bwana harusi anageuka, taa inazimika, shangazi anapita mbele, picha bado inatoka.

Rudi chumbani kwetu. Kwa tundu la f/8 na ISO 100, mita, ikichanganya dirisha na kitanda, ingesema 1/30. Kule nje juani panahitaji kama 1/500. Ni ile kanuni ya zamani ya jua kali, f/16 na shata inayokaribiana na namba ya ISO, ukiigeuza kuwa f/8. Chini ya kitanda panataka kama nusu sekunde. Breketi ya kweli ya picha tano, stopu mbili kati ya kila moja, ingekuwa 1/500, 1/125, 1/30, 1/8, 1/2. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho mwanga umezidishwa mara 250.

Breketi yangu ilikuwa na shata moja, 1/125, niliyoifunga mwenyewe. ISO iliambiwa ifanye kazi ya kuyumba peke yake. Katikati ikaweka 400. Kushuka stopu mbili ikafika 100, na hapo ndipo sakafu ya kamera. Kushuka nne ingehitaji ISO 25, ambayo haipo, basi ikarudia 100, na ndio wale mapacha wangu. Mchanga ukakosa picha ya kuuokoa. Kupanda, ikaenda 1600, kisha 6400. Hizo zilikuwa na ung'avu wa kutosha, ila hata tone moja la mwanga halikuongezeka. Ile ya 6400 ilipaswa kudaka mwanga mara 62 zaidi ya ilivyodaka, kwa sababu nusu sekunde ina vipande 62 vya 1/125 na nusu ya cha 63. Nilikuwa na sufuria tano na nyama ya sufuria moja.

Kwenye A hali ni ya nusu kwa nusu, na kwa maoni yangu hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu hugundui. Chukua tundu lilelile na shata ya chini ya 1/125. Picha za giza zitatoka sawa: ISO ikifika 100 kamera inaanza kukimbiza shata hadi 1/500, na dirisha linapona. Unaangalia kioo cha nyuma, unaona bahari, unafurahi. Picha za mwanga, ambazo ndizo zilipaswa kukipa kivuli muda wa kukinga, zimebaki 1/125 zikisaidiwa na ISO 1600 na 6400. Yaani kamera inakuwa mkweli mahali ambapo huhitaji ukweli mwingi, na inakudanganya chini ya kitanda.

Si kila kamera inadanganya kwa njia moja

Hapa ndipo ubishi wa wapiga picha unapokuwa hauishi, kila mmoja akiapa kwa kamera yake, na wote wako sahihi.

Kamera za Sony zikiwa kwenye M pamoja na ISO otomatiki, breketi inapigwa kwa kubadilisha ISO. Ukiifunga ISO kwenye namba moja, breketi inahamia kwenye shata. Kamera nyingi za Nikon zinafanya kinyume: kwenye M, ISO otomatiki inatumika kwanza kusogeza kipimo cha katikati mahali pake, kisha breketi yenyewe inapigwa kwa shata. Kwa mfano wetu ingekuwa ISO 400 na shata kutoka 1/2000 hadi 1/8. Hiyo ni breketi ya kweli, mwanga unaongezeka kutoka picha hadi picha, ila imeanzia ISO 400 bila sababu. Picha yake yenye mwanga mwingi imekinga kwa 1/8 ya sekunde wakati stendi ilikuwa tayari kusubiri nusu sekunde, mara nne zaidi.

Ushahidi mzuri kuliko yote unatoka Fujifilm. Kamera zake zina aina ya breketi iliyotengwa kabisa, inayoitwa breketi ya ISO. Ukibonyeza, kamera inapiga picha moja. Moja tu. Kisha kutokana na hiyo moja inatengeneza nakala mbili, moja yenye ISO ya juu na nyingine ya chini, na kukukabidhi tatu. Nilipoisoma habari hiyo kwenye mwongozo nilicheka peke yangu. Mtengenezaji mwenyewe hajaona haja ya kufungua shata mara tatu, kwa sababu anajua hakuna kitu kipya cha kwenda kukichukua nje.

Yanayosemwa vijiweni

Linalosikika mara nyingi ni kwamba picha zikizidi ndipo breketi inapokuwa bora. Nimewaona watu wakipiga tisa, zikiachana theluthi ya stopu, na kujaza kadi. Tisa za aina hiyo zinafika stopu mbili na theluthi mbili kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Tatu zilizoachana stopu mbili zinafika nne. Umbali kati ya ncha ndio unaookoa dirisha na kivuli, na wingi wa katikati unasaidia kidogo sana.

La pili ni la wenye kamera mpya: siku hizi sensa nzuri inashika kama stopu 14 kwa pamoja, kwa hiyo breketi imepitwa na wakati. Kuna ukweli humu, na mimi mwenyewe nyumba nyingi napiga picha moja ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata), nikililinda dirisha lisiungue, na kivuli nakiinua baadaye. Lakini zile stopu 14 ni za ISO ya chini kabisa ya kamera hiyo. Kila ISO inapozidishwa mara mbili unapoteza takriban moja. Anayetamba na stopu 14 huku ISO otomatiki imempandisha 3200 anatembea na gari la mizigo lililojaa mchanga nusu, akishangaa mbona halibebi.

Halafu kuna la simu. "Simu yangu inafanya haya yote bila stendi, kwa nini nihangaike?" Simu inafanya, na inafanya kwa ujanja wa aina nyingine. Mfumo wa Google wa HDR+ ulianza kwa kupiga picha nyingi za haraka, zote zenye muda mfupi unaolingana, kisha kuzilaza moja juu ya nyingine. Ukirudi kwenye baraza letu, ni kukinga mvua kwa vikombe kumi na kuvimimina kwenye ndoo moja: maji ni ya kweli, yamekuja kwa mafungu. Hata hivyo baadaye Google wenyewe waliongeza breketi ndani ya mfumo huo, wakaingiza picha yenye muda mrefu zaidi, kwa sababu ileile ya chini ya kitanda. Vivuli vilikuwa na chenga.

Na kuna wanaosema ISO otomatiki izimwe daima, ni ya wanaoanza. Huo nao ni ushamba. Kama unapiga breketi ya kuchagua, tuseme ngoma inapigwa chini ya mwembe, jua na kivuli vinapishana juu ya watu wanaocheza, huna namna ya kuunganisha picha tatu. Kila moja ina mikono mahali pengine. Hapo unataka shata ibaki juu, 1/500 isishuke, na ISO iyumbe itakavyo. Utachagua moja yenye sura nzuri. Tena kwa anayepiga JPEG, ambayo haivumilii kurekebishwa sana, breketi hiyo ya ISO inaweza kumwokoa. Swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja: nitachagua, au nitaunganisha?

Chumbani, safari ya pili

Nilirudi Paje wiki ile ile, bila malipo, kwa aibu yangu mwenyewe. Nikaweka ISO 100 kwa mkono. Kamera yako ikiwa ya msingi wa 200 au 160, weka hiyo. Ni ile namba ya chini kabisa isiyoandikwa L wala Lo, kwa sababu zile za chini ya hapo ni mahesabu na si uwezo wa sensa. Nikaweka A, f/8, ili breketi isiwe na mlango mwingine wa kutokea isipokuwa shata. Tundu halifai kuyumba, maana likibadilika, kina cha picha nacho kinabadilika. Mto wa mbele unakuwa makini kwenye picha moja na ukungu kwenye nyingine, na kompyuta inachanganyikiwa.

Kisha nikazima pangaboi. Hili hakuna aliyewahi kuniambia. Breketi ya kweli ina picha za nusu sekunde na zaidi, na chandarua kinachopepea kitakuwa mahali patano kwenye picha tano. Ukiunganisha, kinatoka kama mzimu wa kitambaa juu ya kitanda. Mapazia nayo niliyafunga kwa kamba. Feni ya chumba cha pili haina neno, ila mlango wa kule ufungwe.

Stendi ikikosekana, meza, kiti chenye vitabu juu yake, au kizingiti cha mlango vinafaa, mradi kamera isishikwe. Kwa kitufe, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili. Katika kamera nyingi itafyatua breketi yote mfululizo kwa mguso mmoja. Na kama hakuna pa kuiweka kabisa, umeshika mkononi, basi achana na breketi. Piga picha ghafi moja kwa ISO ya chini kadiri mkono unavyokubali, ulinde dirisha, ukubali kivuli kidogo. Lenzi au kamera yenye kutuliza mtikisiko itakuruhusu kushuka hadi 1/15, pengine chini zaidi ukiegemea ukuta. Nusu sekunde ya mkononi ni kujitafutia maradhi.

Wapo wanaotaka kubaki na ISO otomatiki kwa sababu wanasahau kuirudisha, kama nilivyosahau mimi kuitoa. Kamera nyingi zinakuruhusu kuhifadhi mipangilio kwenye alama za C1, C2 au U1, U2 juu ya gurudumu. Yangu moja sasa ni ya vyumba: ISO 100, f/8, breketi ya tano, saa ya sekunde mbili. Nyingine ni ya harusi. Nikiingia chumbani nazungusha mara moja, sifikirii.

Na kabla ya kukunja stendi, rudi kwenye picha ya kwanza, bonyeza kitufe cha taarifa, pitia zote tano ukisoma namba ya shata peke yake. Ung'avu usiutazame, utakudanganya. Ukisoma 1/500, 1/125, 1/30, 1/8, 1/2, funga mkoba. Ukisoma 1/125 mara tano, jua bado halijapanda sana na mwenye nyumba bado yuko jikoni. Piga tena.